Rejesta ya wakazi: namna ya kuwajua watu wa kijiji chako kwa majina

Mwaka wangu wa kwanza wa utendaji wa kijiji, huku kwenye milima ya Makete, mkoani Njombe, niliulizwa swali moja katika kikao cha kata: kijiji chako kina watu wangapi? Nikataja idadi niliyoikuta imeandikwa ukutani ofisini. Mwenyekiti wangu akataja nyingine. Mhudumu wa afya, aliyekuwa amekaa nyuma, akasema kwa upole kwamba watoto anaowachanja peke yao hawalingani na hesabu zetu zote mbili. Januari iliyofuata, darasa la awali likapokea watoto wengi kuliko madawati, wengine wakakaa sakafuni huku mvua inanyesha. Watoto wale walikuwa wa kwetu, waliozaliwa kijijini, na mama zao tunawafahamu. Hakuna kati yetu aliyekuwa amewaandika.

Mwongozo huu ni kwa mtendaji mpya, kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kwa yeyote aliyepewa kalamu na kuambiwa "andika watu". Kazi hii haihitaji kompyuta. Inahitaji miguu, subira na daftari zuri.

Kwanza tofautisha sensa na rejesta

Watu wengi hukwama hapa. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti 2022. Ndiyo iliyotupa watu 61,741,120 nchi nzima, 889,946 Mkoa wa Njombe na 1,192,728 Mkoa wa Iringa. Kijana wa Makete aliyelala Ubaruku usiku ule, kwenye mashamba ya mpunga, alihesabiwa wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya. Kwa taifa ni sawa kabisa, maana hakuhesabiwa mara mbili. Lakini rejesta ya kijiji ina swali lingine: nani ni mkazi wetu, hata kama leo hayupo? Kwa hiyo rejesta yako isipolingana na takwimu za sensa, usifute kitu. Eleza tofauti inatokana na nini.

Na usidhani kwamba watu huongezeka tu. Wilaya ya Makete ilikuwa na watu zaidi ya laki moja mwaka 2002. Mwaka 2012 walikuwa kama 97,000, wakati nchi nzima ilitoka milioni 34 hadi karibu milioni 45. UKIMWI ulizimaliza kaya, na vijana waliondoka kwenda Mbeya, Makambako, Dar es Salaam. Kijiji kinachoandika wanaozaliwa na kusahau wanaoondoka kitapanga mipango ya watu wasiokuwepo.

Kisheria pia rejesta ina uzito. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inasema Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na ndio unaoichagua Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25. Bila kumjua mkazi ni nani, huwezi kusema mkutano ule ni wa nani. Ila usiichanganye rejesta na orodha ya wapigakura. Orodha ile huandaliwa kwa kanuni zake kila uchaguzi unapofika, na rejesta ya wakazi haimpi wala haimnyimi mtu kura.

Hatua ya kwanza: tembea mipaka ya vitongoji

Usianze na majina. Anza na ardhi. Waite wenyeviti wa vitongoji pamoja na wazee wawili watatu wa kila upande, mchore ramani chini kwa kijiti: mto, barabara, shule, kanisa, makaburi, msitu wa kijiji. Kisha mtembee.

Huku kwetu wazee wanahitajika kwa sababu ya mahame, yaani makazi yaliyoachwa. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, familia ziliondolewa kwenye maboma ya mabondeni na vilimani zikaletwa pamoja kando ya barabara. Baadaye watu walirudi kidogo kidogo, wakianza na kulima vinyungu, yaani bustani za bondeni, kisha kibanda, kisha nyumba. Leo utakuta kaya sita nyuma ya kilima ambazo kila mwenyekiti anasema ni za mwenzake. Hizo sita ndizo husahaulika kwenye bomba la maji, kwenye chandarua na kwenye kila orodha.

Mkifika mahali penye ubishi wa mpaka na kijiji jirani, usiumalize ubishi huo kwa rejesta. Iandike kaya pale inapohudhuria mikutano na kufanya kazi za kijiji, weka alama pembeni, na suala la mpaka lipeleke kwenye vikao vyake.

Hatua ya pili: kubalianeni mkazi ni nani

Jambo hili liamuliwe na Halmashauri ya Kijiji, na uamuzi uandikwe kwenye muhtasari, ili mwakani asije mtu na kipimo chake. Sisi tulikubaliana hivi: mkazi ni mtu ambaye makao yake ya kawaida ni hapa, akiwemo aliyesafiri kikazi akiwa na nia ya kurudi, na aliyehamia huandikwa akishakaa miezi sita au akishaonyesha amekuja kukaa, mfano mwalimu aliyepangiwa shule yetu au binti aliyeolewa hapa.

Kaya nayo ipimwe kwa chungu. Wanaopika na kula pamoja ni kaya moja, hata nyumba zikiwa tatu. Wanaokaa ua mmoja lakini kila mmoja ana jiko lake ni kaya mbili. Mwanamume mwenye wake wawili wanaopika mbalimbali ana kaya mbili. Yeye mwandike kwenye moja tu, vinginevyo utamhesabu mara mbili.

Hatua ya tatu: daftari

Nunua kaunta buku nene, moja kwa kila kitongoji. Mwanzoni nilifanya kosa lililonigharimu wiki mbili: niliandika watu mstari kwa mstari, kaya ikifuata kaya. Mtoto alipozaliwa kaya ya kumi na mbili sikuwa na pa kumweka, nikaanza kubana majina pembeni, na mwishowe daftari halikusomeka. Mpe kila mkuu wa kaya ukurasa wake mzima, hata kama anaishi peke yake. Ukurasa mtupu wa leo ni wa wajukuu wa kesho.

Ipe kaya namba, na namba hiyo usimpe mwingine hata kaya hiyo ikihama. Kama nyumba imepata namba ya anwani za makazi, iandike juu ya ukurasa. Kwa kila mtu andika majina matatu, jinsi, mwaka wa kuzaliwa, uhusiano wake na mkuu wa kaya, kazi au darasa analosoma, kama ana cheti cha kuzaliwa, kama ana kitambulisho cha taifa, na kama ana ulemavu unaohitaji huduma. Safu ya mwisho iwe pana, maana ndiyo ya mabadiliko: yupo, kasafiri, kahama, kafariki, na tarehe.

Andika mwaka wa kuzaliwa, usiandike umri. Umri ulioandikwa mwaka jana leo si kweli tena. Mzee asiyejua mwaka wake muulize kwa matukio: Uhuru ulikukuta wapi? Mlipohamishwa kuja barabarani ulikuwa umeshaolewa? Wakati wa vita ya Kagera ulikuwa na watoto wangapi? Sokoine alipofariki, Aprili 1984, huyu wa mwisho alikuwa tumboni au mgongoni? Utapata mwaka ulio karibu na ukweli, na utapata hadithi ambazo hukutarajia.

Kuna mambo ya kutoandika. Usiandike chama cha mtu, usiandike ugonjwa. Mkoa wa Njombe ndio wenye kiwango cha juu kabisa cha maambukizi ya VVU nchini, na nimeona macho ya mtu yanavyobadilika anapoona kalamu inasogea kuelekea habari za dawa zake. Habari hizo zina daftari lake zahanati, na kabati lake. Tangu 2023 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, kwa hiyo daftari lenye majina ya watu lifungiwe kwa kufuli, lisilale juu ya meza ya ofisi wala kwenye mkoba wa bodaboda.

Hatua ya nne: nyumba kwa nyumba

Chagua Julai au Agosti. Baridi ni kali, lakini njia ni kavu na watu wako kwenye mavuno karibu na nyumbani. Tangazo litolewe Jumapili makanisani na siku ya gulio, na litaje sababu ya zoezi. Pita alfajiri kabla watu hawajatoka, au jioni moto ukiwa umewashwa. Saa nne asubuhi utawakuta watoto na kuku.

Mwenyekiti wa kitongoji atangulie. Yeye ndiye anayejulikana, na "kamwene" yake, salamu ya huku, hufungua mlango kuliko muhuri wako. Kaeni chini kama mnakaribishwa. Usianze kuandika kabla ya salamu kwisha.

Uliza watoto wachanga kwanza. Mtu akiulizwa "mko wangapi" hutaja watu wazima na wanaosoma. Mtoto wa miezi miwili humwacha, na bibi aliyelala chumba cha ndani pia humwacha. Msichana wa kazi naye husahaulika. Kabla hujafunga ukurasa uliza: nani alilala humu jana ambaye hatujamtaja?

Swali la mkuu wa kaya ndilo gumu zaidi huku kwetu, kwa sababu nyumba nyingi ni za bibi na wajukuu. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu ndani, moto upo."

"Asante bibi. Mkuu wa kaya hii ni nani?"

"Mwanangu. Yuko Dar."

"Alikuja lini mara ya mwisho?"

"Mwaka juzi, kwenye msiba wa dada yake."

"Na hawa watoto, ada ya mtihani na sare nani anahangaika?"

"Nani mwingine, baba? Si mimi huyu."

Basi mkuu wa kaya ni bibi. Mwandike yeye. Hili lina matokeo: TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wakija kutambua kaya maskini, au mtu akitafuta watoto wasio na wazazi, ukurasa unaosema mkuu wa kaya ni mwanamume mwenye kazi Dar es Salaam unaificha njaa ya nyumba ile. Mweleze bibi taratibu kwamba humwondolei mwanawe heshima.

Utakutana na woga pia. Baadhi ya wazazi huwaficha vijana wao wakubwa wakihofia michango na kazi za nguvukazi. Wengine huongeza majina wakisikia mbolea ya ruzuku au mahindi. Dawa ya yote mawili ni moja: rejesta isitumike kudai mchango wowote wakati zoezi linaendelea. Ukimdai mtu mchango mlangoni siku ya kumwandika, kitongoji kizima kitakuwa kimejificha kufikia jioni.

Hatua ya tano: wasiokuwepo

Ningependa utumie nusu ya nguvu zako hapa. Vijiji vya Nyanda za Juu Kusini ni vya watu wanaotoka na kurudi. Wapo walioko Mufindi kwenye chai na mbao, wapo Usangu kwenye mpunga kuanzia kupandikiza hadi kuvuna, wapo Njombe na Rungwe kwenye parachichi, wapo Mbeya na Tunduma wanauza nguo. Wakinga, wenyeji wa Makete, kwa biashara hamna haja ya kuambiwa.

Kwa kila asiyekuwepo andika mambo matatu: yuko wapi, tangu lini, na hurudi kwa ajili ya nini. Jibu la tatu ndilo linaloamua. Anayerudi kupanda viazi na mahindi yake, au aliyemwacha mke na watoto hapa, ni mkazi aliyesafiri. Anayerudi kwa misiba tu, na familia yake iko mjini, amehama. Kuna kundi la kati, vijana wasio na mke wala shamba ambao wenyewe hawajui kama wamehama. Wapigie simu mbele ya mzazi, uwaulize. Nimewahi kumpigia kijana akiwa Igurusi, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Niandike nipo, mtendaji. Nitarudi." Nikamwandika kasafiri, na tarehe. Alirudi baada ya mavuno mawili na mabati ya nyumba.

Wanafunzi wa sekondari waliopanga vyumba karibu na shule, au wanaolala bweni, bado ni wa kaya ya wazazi wao. Binti aliyeolewa kijiji kingine amehama. Andika amekwenda wapi. Wazawa waliojenga nyumba nzuri hapa lakini wanaishi mjini wawekee orodha yao nyuma ya daftari. Utawahitaji siku ya kuchangia zahanati, lakini wakiingia kwenye hesabu ya wakazi utaomba maji ya watu wanaokuja Krismasi.

Na Krismasi yenyewe itumie. Kati ya tarehe 25 Desemba na Mwaka Mpya kila mtu yuko nyumbani. Pita tena na daftari, bila fomu wala maneno mengi, uhakiki kurasa zenye neno "kasafiri". Siku hizo nne tano zilisahihisha daftari langu kuliko wiki zote za Agosti.

Hatua ya sita: jumlisha, kisha itilie shaka hesabu yako

Toa jumla kwa kila kitongoji: wanaume, wanawake, walio chini ya miaka mitano, wa umri wa shule, wa miaka 18 na zaidi, wazee wa 60 na zaidi. Gawanya watu kwa kaya. Kitaifa sensa ya 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Kitongoji kikikupa saba, huenda mwandishi aliunganisha kaya mbili za ua mmoja, au mtu aliongeza wajukuu wa mjini. Kikikupa wawili, rudi ukatafute watoto.

Halafu nenda zahanati na shuleni, si kwa kulazimisha namba zifanane bali kuona zinapoachana. Mhudumu akiwa na watoto kumi na mmoja wa chanjo ambao wewe huna, pitieni majina pamoja. Mara nyingi ni zile kaya sita za nyuma ya kilima.

Hesabu ikishatulia, ifanye kazi. Tuseme kijiji kina wakazi 1,240. Sera ya maji inataka kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250, kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani: mnahitaji vituo vitano, na rejesta ya vitongoji itaonyesha viwe wapi. Tuseme mwaka huu waliotimiza miaka mitano ni 58. Hata kwa kipimo cha shule ya msingi, wanafunzi 45 kwa chumba, chumba kimoja hakitoshi, na unalijua hilo mapema, si siku ya kufungua shule. Matundu ya choo nayo hupangwa hivyo hivyo, moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Mtendaji anayekwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na hesabu ya namna hii husikilizwa, na diwani anapata cha kusimamia kwenye baraza la halmashauri ya wilaya.

Hatua ya saba: isome mbele ya watu

Mkutano Mkuu wa Kijiji hukaa angalau kila baada ya miezi mitatu. Soma jumla za kila kitongoji, usisome majina. Watu watabisha, na wabishe. Mama mmoja atasimama aseme kwao kuna kaya mbili hamkufika. Mwenyekiti asikasirike, aandike, kesho yake waende.

Hatua ya nane: isife

Rejesta hufa kimya kimya. Mwaka wa kwanza inang'aa, wa pili ina vumbi. Iliyonisaidia ni kuifunga kwenye kazi ambazo watu huja ofisini kuzifuata wenyewe. Mtu anataka barua ya utambulisho kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, mkopo au dhamana: fungua ukurasa wa kaya yake kwanza, uulize kama kuna jipya nyumbani, kisha uandike barua. Dakika tatu zinatosha.

Vizazi na vifo visisubiri barua. Kizazi kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90, kifo ndani ya siku 30. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano kazi imekuwa nyepesi tangu RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, walipoanzisha usajili kwenye ofisi za kata na vituo vya tiba. Mpango huo ulianzia Mbeya mwaka 2013, na cheti hutolewa bila malipo. Mama akija na cheti, jaza safu yako siku hiyo hiyo. Anayefariki usimfute kwa kukata jina lote. Piga mstari mmoja mwembamba na tarehe, jina lisomeke. Siku moja mtoto wake atakuja kuulizia mirathi.

Anayehama mpe barua, na anayehamia mwombe barua ya alikotoka. Wafugaji wanaofika na mifugo waandikwe kama watu wengine, na watoto wao pia, hata kama mazungumzo ya malisho bado yanaendelea kwenye halmashauri ya kijiji.

Kila robo mwaka, kabla ya Mkutano Mkuu, keti na wenyeviti wa vitongoji asubuhi moja, ukurasa kwa ukurasa. Chai na viazi vya kuchemsha vitoke kwako.

Makabidhiano

Watendaji huhamishwa, na wenyeviti huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 vitongoji vingi vilipata wenyeviti wapya ambao hawajawahi kuona daftari. Madaftari yasiende nyumbani kwa mwenyekiti anayeondoka. Yaorodheshwe kwenye hati ya makabidhiano: mangapi, ya vitongoji gani, yana kurasa za kaya ngapi, na wote wawili watie sahihi. Kisha, kabla hujapanda gari la kuhamia kituo kipya, mchukue anayekupokea mpite naye walau nyumba kumi, daftari likiwa mkononi mwake. Anza naye kwenye zile kaya za nyuma ya kilima.